Siku Niliposimama Kwenye Kibao cha Mzee Stanley

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo midomo hunikaza yenyewe kama inataka kupuliza. Nilikuwa Toronto, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nina umri wa miaka ishirini na minne, tarumbeta mkononi, na mbele yangu watu mia tatu wanacheza hadi sakafu ya mbao inapanda na kushuka kama godoro. Siku hiyo nilipigiwa makofi kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Na siku hiyo hiyo nilimvua nguo mzee wa watu mbele ya umati, nikidhani napiga muziki. Nitakusimulia yote mawili pamoja, kwa sababu yalitokea ndani ya pumzi moja.

Usishangae mtu wa miaka arobaini na saba kukuita mwanangu. Mvi zangu bado zinahesabika, lakini nimehama mno: Tanga, Mombasa, Toronto, nikaenda magharibi ya Kanada kutafuta nisichokijua, nikarudi Toronto, na hata sasa ninapoandika kuna begi moja hapo pembeni sijalifungua. Mtu wa kuhamahama huzeekea njiani. Basi nipe ruhusa.

Tarumbeta nilifundishwa Tanga, kwenye bendi ya gwaride ya shule ya sekondari, na noti nikazisoma hapo hapo. Nilipomaliza kidato cha nne nikapuliza miaka mitatu katika bendi ya dansi. Kule kwetu kibao kikichemka wapulizaji hupokeana. Mmoja akiishiwa pumzi, mwenzake anaruka ndani, ukumbi unalipuka, yule wa kwanza anacheka, anafuta jasho, kisha anaipokea tena pale alipoiachia. Lishike hilo, maana baadaye utanisikia nikijitetea nalo.

Toronto nilifikia kwa binamu yangu, ghorofa ya kumi na mbili, Scarborough. Nikapata kazi kiwanda cha mikate. Tarumbeta nilikuwa nikiipulizia ndani ya kabati la makoti, mlango nimeufunga, ili majirani wasimwite msimamizi wa jengo. Ukitaka kuujua upweke, mwanangu, puliza tarumbeta gizani huku mkono wa koti la mtu unakupapasa shingo.

Baridi ya kwanza ilipoingia, pistoni moja ya tarumbeta ilikwama. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja aliyekuwa na duka dogo kati ya mgahawa wa roti na mahali pa kufulia nguo. Kwa mlango wa mbele alirekebisha saa. Kwa nyuma alirekebisha tarumbeta, trombon na saksafoni. Alikuwa mzee wa Kihindi, sweta la kijivu, kioo cha fundi saa kimemganda jichoni.

"Hii inalala wapi?" aliniuliza kwa Kiingereza.

"Kabatini."

"Ndiyo maana inakohoa. Umetoka nchi gani?"

"Tanzania."

Akahamia Kiswahili pale pale, bila kuinua kichwa. "Tanzania kubwa."

"Tanga."

Hapo kichwa kikainuka, kwani kwetu Tanga barabara huitwa kwa nambari. "Barabara ya ngapi?"

"Ya kumi na tatu."

"Mimi ya nane. Basi wewe mshamba kidogo, lakini jirani. Kaa."

Huyo ndiye Mzee Sadru. Alihamia Kanada miaka ya sabini, na Kiswahili chake kilikuwa bado na chumvi ya Tanga kuliko changu. Alipomaliza kuitengeneza tarumbeta aliniambia nipulize, nami nikapuliza kwa njaa ya miezi minne ya kabatini. Watu wa kufua nguo wakaja kuchungulia. Mzee Sadru hakunisifu. Aliandika anwani kwenye karatasi ya risiti akanipa.

"Jumanne, saa moja jioni. Kuna wazee wanatafuta tarumbeta ya pili. Vaa shati lenye kola."

Nilikwenda nikitarajia wazee wanne na kinanda. Nikakuta watu kumi na tano. Saksafoni tano mstari wa mbele, trombon tatu nyuma yake, tarumbeta nne juu kabisa nikiwemo mimi, kisha pembeni piano, besi, gitaa na ngoma. Ilikuwa bendi kubwa ya swing, ya aina ile iliyochezesha ulimwengu mzima kabla ya babu zetu kununua redio, na hii iliundwa na vijana waliotoka vitani, ambao sasa walikuwa na miaka sabini na zaidi. Kiongozi alikuwa Bi Dorothy, mpiga piano mwembamba mwenye sauti ya mwalimu mkuu, mjane wa yule aliyeiunda. Alihesabu kwa vidole, moja, mbili, na mwanangu, sijui nikwambieje.

Muziki ule hautembei, unabembea. Besi inakwenda hatua kwa hatua kama mtu anayejua aendako, ngoma inanong'ona kwa brashi, saksafoni tano zinavuta pumzi moja kama kifua kimoja, halafu trombon zinafyatuka kutoka nyuma, na wewe uliye juu na tarumbeta unasikia sauti inakuja kwa kupitia kiti, kupitia mifupa, kabla haijafika sikioni. Nilikosa kuingia mara ya kwanza kwa sababu nilikuwa nacheka. Kicheko tu, peke yangu, tarumbeta mapajani. Bi Dorothy akasimamisha bendi.

"Kijana, kuna tatizo?"

"Hapana, mama. Nasikia raha."

"Sikia raha kwa wakati," akasema, na wazee wakacheka hadi mmoja akatafuta dawa yake ya pumu.

Tulipiga kila Jumapili saa nane mchana, katika ukumbi wa zamani wa dansi karibu na ziwa. Miaka mingi walikuwa wakija wazee tu, lakini msimu ule kulikuwa na wazimu mpya mjini: vijana walianza kujifunza dansi za bibi na babu zao. Walikuja kwa makundi, wavulana na kofia na mikanda ya mabegani, wasichana na viatu vya kurukia, wakawa wanarushana hewani mbele ya wazee waliowatazama kama wanaotazama picha zao wenyewe. Ukumbi ulijaa kuliko ulivyowahi kujaa kwa miaka thelathini. Na uchungu ni kwamba mwenye ukumbi alikuwa ameshauuza. Mwezi wa tatu tungepiga dansi la mwisho, kisha uvunjwe yapande maghorofa.

Kushoto kwangu alikaa Mzee Stanley, tarumbeta ya kwanza. Kazi yake ya maisha ilikuwa kuendesha tramu, yale mabehewa mekundu yanayopita kwenye reli katikati ya barabara. Hakuwa na maneno. Alikuwa na leso nyeupe aliyoikunja mara nne na kuiweka gotini, na alikuwa na kibao chake.

Kibao hicho kiliitwa Tramu ya Stanley, kilitungwa na marehemu mume wa Bi Dorothy, na ndicho kilichofunga dansi kila Jumapili. Kinaanza na piano ikigonga kengele mbili. Bendi inaanza kuvuta. Katikati, tarumbeta ya kwanza inasimama peke yake na kupanda mlima, ngazi kwa ngazi, hadi noti moja ya juu kabisa, na kuishikilia mapigo manane, huku bendi nzima inapita chini yake kama mji unavyopita dirishani. Kisha inateremka taratibu, na watu wanarudi nyumbani.

Wiki ya kwanza Bi Dorothy aliniita pembeni.

"Stanley amewekewa meno mapya. Akifika kileleni midomo inamtoroka. Wewe kaa, elekeza tarumbeta chini kwenye karatasi, upulize noti ile ile pamoja naye, ndani ya sauti yake. Watu wasikie moja."

"Yeye anajua?"

"Anajua. Hatutalizungumza. Na kwenye kibao hicho hasimami mtu mwingine."

Hivyo ndivyo bendi zile zilivyofanya kazi, mwanangu. Kila kiti kilikuwa na wajibu wake, na wajibu wa kiti changu ulikuwa kumbeba mtu bila kuonekana. Nilifanya hivyo Jumapili ya kwanza, ya pili, hadi ya tano. Makofi yalipomwagika Mzee Stanley aliinama kidogo, akakaa, akafuta midomo kwa leso. Mimi niligeuza karatasi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikusifiwa na mtu, na maji nikayatia hivyo hivyo.

Tatizo lilianza kwenye basi. Kulikuwa na msichana kutoka Bukavu aliyepanda kituo kimoja na mimi akienda kazini, kwenye nyumba ya kulea wazee. Jina lake Furaha. Siku moja alilitazama sanduku la tarumbeta mapajani mwangu akauliza, "Mu ile sanduku muko nini, bunduki?"

"Tarumbeta."

"Aa. Hata bunduki ingekuwa na maana. Unapiga wapi?"

Nikamwalika. Jumapili ya sita akaja, kavaa kitenge chini ya koti zito, akakaa meza ya mbele upande wa kulia kabisa. Tangu kibao cha kwanza sikuwa napiga kwa ajili ya bendi. Niliona vijana wanarushana, niliona Furaha anatikisa bega, damu ikanichemka. Ikafika Tramu ya Stanley. Kengele mbili. Mzee akasimama, akaanza kupanda, na alipofika karibu na kilele sauti ikampasukia. Ilikuwa mpasuko mdogo. Kazi yangu ilikuwa kuuziba nikiwa nimekaa.

Nikasimama.

Nilisimama, mwanangu, nikainua tarumbeta hadi darini, nikaichukua ile noti kwa nguvu zote za kifua cha miaka ishirini na minne, nikaishikilia si mapigo manane bali kumi na sita, na Bi Dorothy hakuwa na la kufanya ila kuzungusha bendi chini yangu. Vijana waliacha kucheza wakanikimbilia jukwaani. Nikateremka na mapambo ya Tanga ambayo hayakuandikwa popote. Ukumbi ukawaka. Niliinama mara tatu. Ngoma ikivuma sana hupasuka, lakini nani anakumbuka methali akiwa ndiye ngoma?

Nilipogeuka, Mzee Stanley alikuwa ameketi, tarumbeta imelala juu ya leso. Akaipanguza, akaitia kwenye sanduku, akafunga vishikizo viwili. Hakunitazama. Akateremka ngazi za nyuma, na kwenye meza yao mkewe, Bi Edith, akainuka na kumshikia koti.

Bi Dorothy aliniambia neno moja tu nje ya mlango. "Ulikuwa umekaa pazuri."

Furaha alinisindikiza hadi kituoni akizungumza kwa furaha, mikono hewani. Nilimwitikia. Lakini sikumwambia kwamba noti ile haikuwa yangu.

Siku ya Jumatano Mzee Sadru alipiga simu nyumbani. "Njoo dukani. Sasa hivi."

Juu ya meza ya kioo, kati ya saa zilizofunguliwa matumbo, ilikuwepo tarumbeta ya Mzee Stanley.

"Kaileta jana. Kasema muuzie yeyote," alisema Mzee Sadru. "Jumapili zimebaki tatu tu, Daudi. Mtu amepuliza ukumbi ule miaka hamsini, na dansi la mwisho atalikosa kwa sababu yako."

Nikaanza kujitetea. "Mzee wangu, kwetu mwenzako akiishiwa pumzi unampokea. Wewe unajua. Sikumkosea, nilifanya kama tunavyofanya Tanga."

Alikitoa kile kioo jichoni akakiweka chini polepole.

"Usiitwike Tanga mzigo wako. Kwetu ukimpokea mtu, unamrudishia. Ulimrudishia?"

Nikanyoosha mkono kwa ile tarumbeta, akaisogeza mbali nami.

"Ulipanda nayo, ukakaa nayo juu mara mbili ya kipimo, ukateremka nayo hadi chini, ukainama mara tatu. Nimesimuliwa. Huko ni kupora. Na ungepora kitu cha mtu mwingine ningesema ujana. Unajua kibao kile kwa nini kina jina la Stanley?"

"Kwa sababu aliendesha tramu."

"Ndivyo wote wanavyodhani. Mume wa Dorothy ndiye aliyekuwa tarumbeta ya kwanza. Maradhi yalimwanza kwenye mapafu, akawa hawezi kufika juu. Stanley alikuwa kiti chako hicho hicho. Alimbeba miaka sita. Sita, bwana wee. Tarumbeta zao zote mbili nilizitengeneza mimi, na hata mimi nilijua kwa sababu tarumbeta ya Stanley ilichoka haraka kuliko ya bwana mkubwa. Hakusema kwa mtu. Mwenyewe alipoona anaondoka ndipo akatunga kibao, akakipa jina lile. Tramu inabeba watu, Daudi. Abiria wanaangalia nje. Hakuna anayemwangalia dereva."

Nilitaka sakafu inimeze, lakini sakafu ya duka lile ilikuwa saruji. Mzee Sadru akanisukumia beseni la maji ya vuguvugu, sabuni na brashi nyembamba. Akanifanya niivue tarumbeta ya Mzee Stanley vipande vyote, niisugue ndani, niikaushe, nipake mafuta pistoni moja moja. Ilichukua saa nzima. Ukiisafisha tarumbeta ya mtu, mwanangu, unakuta pumzi yake mle ndani. Nilipomaliza niliuliza ninunue zawadi gani ya kwenda kumwangukia.

"Usinunue kitu. Mpelekee hii, na domo lako. Uliloliharibu kwa domo litengeneze kwa domo."

Nilipanda mabasi mawili. Theluji ilikuwa inaanguka. Mzee Stanley mwenyewe alifungua mlango, kavaa aproni, mikono ina unga. Nilisema hapo hapo kizingitini, kwa sababu nilijua nikiingia ndani nitatafuta maneno mazuri.

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikupora mbele za watu."

Alipangusa unga kwenye aproni. "Ulipiga vizuri."

"Najua," nikasema, na papo hapo nikatamani kuumeza ulimi.

Kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu. "Ungepiga vibaya ningekusamehe siku ile ile. Ingia, unaingiza baridi."

Jikoni aliikagua tarumbeta, akanusa mafuta mapya, akaiweka mezani mbali naye. "Ukumbi una haki ya noti nzima siku ya mwisho," alisema. "Midomo yangu haiwezi."

"Yangu ipo."

"Yako haiwezi kukaa."

"Nifundishe kukaa."

Basi akanifundisha, na hapo ndipo nilipojua muziki, baada ya miaka kumi ya kudhani naujua. Mkewe, Bi Edith, alikuwa sebuleni akifuma, mlango umefungwa. Mzee alisema, "Yule amenisikia miaka hamsini. Tutapuliza kilele pamoja. Akiuliza ni nani wa pili, tumeshindwa."

Tukapuliza. Kutoka sebuleni: "Stanley, nani huyo wa pili?"

Tukarudia. "Stanley, mwambie mgeni wako apunguze."

Nilipunguza hadi nikawa sisikiki kabisa, na midomo yake ilipotoroka noti ikabaki shimo. "Sasa hayupo," sauti ikasema, "lakini na wewe huna nguvu."

Jumamosi tatu mfululizo nilikwenda jikoni pale, na Jumapili mbili za katikati tulifunga dansi bila Tramu ya Stanley. Mzee aliniambia niache kuisikiliza noti, niisikilize pumzi yake: anapoivuta niivute, bega lake likishuka langu lishuke, na nisingoje apasukiwe ndipo nije, niwepo tangu mwanzo, chini yake, kama maji chini ya boya. Nilitoka jasho kuliko kwenye tanuri la mikate. Kupuliza kwa nguvu ni kazi ya kifua. Kupuliza juu kabisa kwa sauti ndogo, mwanangu, ni kazi ya mwili mzima hadi vidole vya miguu. Jumamosi ya tatu, karibu na magharibi, tulipanda, tukafika, tukashika mapigo manane, tukateremka. Sindano za kufuma zikanyamaza. Kisha Bi Edith akasema, taratibu, "Stanley. Umepona."

Mzee aligeuka akaangalia dirishani. Sikumtazama usoni.

Dansi la mwisho watu walijaa hadi kwenye ngazi. Wazee waliokuja na magongo waliyaacha ukutani. Vijana walikuja na viatu viwili viwili kwa sababu walijua jozi moja haitatosha. Tulipiga kwa muda wa saa tatu, na nakuapia sijawahi kuwa ndani ya sauti kama ile: kila mtu alikuwa anapuliza kama anayejua kwamba kuta hizi hazitasikia tena. Trombon ziling'aa, mpiga ngoma wa miaka sabini na sita alivua koti, kisha tai, kisha akafungua vifungo viwili vya shati, na Bi Dorothy akamtazama kwa jicho la kumwambia inatosha. Mzee Sadru alikuwa amesimama karibu na mlango, sweta lile lile, mguu wake mmoja ukigonga. Furaha alikuwa kwenye meza yake ile ile, kulia kabisa.

Kengele mbili. Mzee Stanley akasimama.

Mimi nikainamisha tarumbeta kwenye karatasi. Alivuta pumzi nikavuta. Akaanza kupanda nami nikapanda, ngazi chini ya ngazi, na nilipohisi kilele kinakuja sikumwangalia, niliangalia leso yake juu ya kiti. Tukafika. Pigo la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne nilisikia midomo yake inamtoka, nilisikia hewa tupu inapita, na noti ilikuwepo. Ilikuwa inasimama palepale ilipokuwa, nzima, ya kwake, na pingili za mgongo wangu zilikuwa zinawaka. La tano, la sita. Midomo ikamrudi. La saba, la nane. Akateremka peke yake, taratibu, na hatua tatu za mwisho nilimwachia zote.

Ukumbi ukashusha pumzi kama mtu anayeshusha mzigo. Kisha ukaja mlio ambao nadhani ndio ulioanza kuzivunja zile kuta. Mzee akainama kidogo, akakaa. Aliichukua leso, na badala ya kujifuta midomo akaiweka juu ya goti langu. Halikuzungumzwa.

Mlangoni Mzee Sadru alinipita akisema kwa upande wa mdomo, "Nimesikia tarumbeta moja." Alifika ngazini akageuka. "Lakini zote mbili nilizitengeneza mimi."

Nikatoka na Furaha hadi kituoni. Akauliza, "Leo walikukataza kupiga peke yako? Ulikaa tu."

Nilitaka kusema. Mungu wangu, nilivyotaka kusema. Ulimi ulikuwa umeshafika menoni. "Ndiyo," nikamjibu. "Leo nilikaa."

Akanishika mkono. "Si kitu. Yule mzee alipiga muzuri sana."

Furaha ndiye mke wangu, mwanangu, na siri hiyo nililala nayo kando yake zaidi ya miaka ishirini. Mwaka jana, Mzee Stanley na Mzee Sadru wote wameshatangulia, nikaona hakuna tena wa kuaibika. Nikamsimulia nikiwa nakata vitunguu. Alinisikiliza hadi mwisho, akakoroga sufuria.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Ile meza ilikuwa pembeni. Niliona mishipa ya shingo yako, imesimama sawa kamba. Mtu anayekaa bure hatoki jasho vile."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Ulikuwa na furaha na siri yako. Nikakuachia."

Niliweka kisu chini. Miaka ishirini nilijiona mimi ndiye niliyejifunza kumbeba mtu bila kuonekana, kumbe nilikuwa abiria.

Basi nasaha yangu ni hii, na uisikilize hata kama damu yako inachemka kama yangu ilivyochemka. Mungu akikupa kipaji, kuna siku atakupa kiti cha mbele. Simama, pulizia darini, usione haya, na mcheza kwao hutuzwa. Lakini kiti cha pili ukipewa usikione adhabu. Mwenzako akitetereka, mwinue pale alipo, usikae mahali pake. Ukimpokea mtu, mrudishie. Usifiche tamaa yako nyuma ya mila za kwenu, maana mila haziwezi kujitetea. Ukikosea, nenda mapema, mikono mitupu, useme kosa kwa jina lake ukiwa bado kizingitini. Na kabla hujaona hakuna anayekuona, kumbuka huenda kuna mtu meza ya pembeni anaona kila kitu na ameamua kukuachia raha yako. Mtafute umshukuru.

Mungu akupe pumzi ndefu, mwanangu, na sikio la kuisikia pumzi ya jirani yako. Akupe siku za kusimama na akili ya kukaa. Na itakapokuja siku ya midomo yako kukutoroka kileleni, kama itakavyotutoroka sisi sote, akuwekee mtu kulia kwako, kainamisha kichwa, ili wanaokupenda wasikie noti moja, nzima, na waseme umepona. Amina.